Hosteli, geto au kwa ndugu? Pa kuishi mwaka wa kwanza chuoni Tabora

Kila mwaka Oktoba ikikaribia, simu yangu haipumziki. Anapiga mzazi wa Kasulu, anapiga kaka wa mtu huko Nzega, au binti mwenyewe aliyepangiwa chuo jana na usiku hakulala: "Dada, nikija huko nikae wapi?" Mimi naishi Tabora. Nilisoma hapa, nikaolewa hapa, na tangu nimalize chuo nimekuwa nikiwapokea wanafunzi wapya kupitia jumuiya yetu. Mwaka wa kwanza niliishi hosteli, miaka miwili iliyofuata nikaishi geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, na baadaye mimi mwenyewe nikawa shangazi anayepokea mtoto wa chuo. Nyumba zote tatu nazijua kwa ndani.

Wazazi wengi wakisikia mtoto amechaguliwa AMUCTA, chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania) chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, wanashusha pumzi. "Ni chuo cha Kanisa, watamlea." Ni kweli, kwenye chuo cha Kikatoliki kuna kapelani, kuna mshauri wa wanafunzi, kuna TMCS, yaani umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa vyuo. Lakini piga hesabu ya saa. Darasani mtoto anakaa saa nne au tano kwa siku. Saa nyingine zote yuko pale anapolala. Ni pale anapojifunza kuamka bila kengele ya shule, kushika pesa yake, kukosana na mtu na kupatana naye, kusema hapana na kubaki nayo.

Mtakatifu Agustino, ambaye SAUT inaitwa kwa jina lake, naye alikuwa mwaka wa kwanza. Alitoka mji mdogo wa Tagaste, Algeria ya leo, akaenda kusoma Kartago akiwa na miaka 17 hivi. Huko kulikuwa na kundi la wanafunzi walioitwa Waharibifu, kazi yao kuwadhihaki na kuwasumbua wageni. Agustino hakuyapenda matendo yao, lakini aliandamana nao na akaufurahia urafiki wao. Amelikiri hilo mwenyewe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliishi nyumba moja na mapadre wake, na mezani pake paliandikwa maneno ya kumkataza mtu kumsengenya asiyekuwepo. Mtu yule yule, nyumba mbili tofauti.

Vipimo vyangu

Nitazipima nyumba zote tatu kwa mambo matano. La kwanza ni pesa: si kodi peke yake, bali pia lini inatakiwa na nini kinaliwa humo kimyakimya. La pili ni muda, wa kusoma na wa njiani. La tatu ni mwili: chakula, usingizi, maji, usalama. La nne ni imani, nikimaanisha nafasi ya kusali na kuishi unachokiamini bila kusukumwa wala kusahauliwa. La tano ndilo ninaloliuliza kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa sababu wengi hawaliulizi: nani atajua? Asubuhi moja usipotoka chumbani, itachukua muda gani mpaka mtu agonge mlango?

Hosteli

*Pesa.* Ada ya hosteli hulipwa kwa muhula au kwa mwaka, kwa kontroo namba, na ikishalipwa imelipwa. Hakuna LUKU, hakuna bili ya maji, hakuna mwenye nyumba wa kupandisha kodi katikati ya mwaka. Shida ni kwamba hiyo ada inatakiwa mwanzoni, wakati bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, bado halijaingia. Mwanafunzi mpya lazima akamilishe usajili na asaini kwanza, kwa hiyo mzazi ajiandae kubeba wiki za mwanzo hata kama mtoto ana mkopo.

*Muda.* Hapa hosteli haina mshindani. Kipindi cha saa moja asubuhi unakiendea kwa miguu na uso ukiwa bado una maji. Kikundi cha majadiliano kikimaliza saa tatu usiku huna haja ya kutafuta bodaboda. Ila kusoma chumbani kwenyewe ni jambo jingine. Chumba kina vitanda vya dabo deka, watu wanne au zaidi, mmoja anaongea na mchumba wake mpaka saa sita, mwingine anawasha taa saa kumi alfajiri. Waliofaulu wakiwa hosteli wengi walisomea maktaba au darasa tupu, chumbani walirudi kulala tu.

*Mwili.* Ulinzi upo, geti lina saa zake. Kupika kwa kawaida hakuruhusiwi, kwa hiyo utakula kantini au kwa mama ntilie wa jirani, na hapo ndipo pesa inapovuja. Asiyepanga anakula chipsi wiki mbili za kwanza za bumu, halafu anapiga pasi ndefu, yaani anaruka milo, mpaka lingine liingie.

*Imani.* Misa iko karibu, na TMCS wanakupata kirahisi, kwaya inakupata, mafungo ya Kwaresima hayakupiti. Kwa asiye Mkatoliki kuna neno lake pia. Tabora ina Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na vyuo vya Kanisa huwapokea. Katiba ya Kitume ya Papa Yohane Paulo wa Pili kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, ya tarehe 15 Agosti 1990, inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Mwaka wangu wa kwanza tuliishi chumba kimoja na dada wa Kiislamu kutoka Ujiji. Ramadhani ilipofika tulimtengea kona yenye soketi ili alamu ya daku isituamshe wote, na sisi tukaacha kula mbele yake mchana. Hakuna mhadhiri aliyetufundisha hilo.

*Nani atajua?* Wenzako wa chumbani watajua siku hiyo hiyo. Usipokula wataona, ukilia usiku watasikia. Hilo ndilo linaloikinga hosteli, na ndilo linalochosha watu humo, maana kila mtu anayajua mambo yako, na jambo dogo likisemwa chumba namba tatu asubuhi, jioni limefika mwisho wa korido.

*Inamfaa* anayetoka mbali asiye na mtu Tabora, na anayetoka shule ya kutwa ambaye hajawahi kuishi na watu asiowachagua. Zipo pia hosteli zinazoendeshwa na masista. Ratiba zake huwa kali zaidi na utulivu ni mkubwa zaidi. Ukisikia ipo karibu na chuo chako, nenda ukaione kabla hujaamua.

Geto

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watoto wakiinuka na ndipo ninapoona wakizama.

*Pesa.* Geto linaonekana rahisi ukilitazama kwa mwezi. Tuseme chumba ni 40,000. Mwenye nyumba hataki ya mwezi mmoja, anataka ya miezi sita: 240,000. Dalali naye anataka chake. Halafu chumba ni kitupu: kitanda, godoro, pazia, ndoo mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria, balbu. Kwa mwenye mkopo, pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na inaingia kwa mkupuo wa siku 60 hivi, yaani 600,000 kwa anayepata kamili. Mtoto aliyezoea kuachiwa elfu mbili mezani anaamka ana laki sita kwenye akaunti. Asipozigawa siku hiyo hiyo, kodi upande huu, chakula upande ule, nauli ya kurudi nyumbani pembeni kabisa, wiki ya tano atakuwa anakopa unga. Kuna na hili ambalo madalali hawalisemi: likizo ndefu na wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wewe haupo ila kodi ipo.

Mkigawana wawili, geto linakuwa nafuu kuliko kitu kingine chochote. Mkipika pamoja ndiyo kabisa. Maharage ya kuchemsha mara moja kwa siku tatu, dagaa wa Kigoma, uyoga mvua zikianza, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka nyumbani. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, kwa karanga asubuhi yamewavusha wanafunzi wengi wa mkoa huu mpaka siku ya mahafali.

*Muda.* Ukimya wa kusoma unaupata, kama nyumba haina baa jirani. Nenda ukakague chumba usiku wa Jumamosi, si asubuhi ya Jumanne. Kupika, kufua, kufagia uwanja kwa zamu na kuchota maji siku bomba linapokauka, vyote vinakula saa. Siku hizi Tabora tuna maji ya Ziwa Victoria, tofauti na zamani tulipotegemea bwawa la Igombe, lakini nyumba isiyo na tangi bado inahitaji ndoo zako zijae.

*Mwili.* Unakula unachopika, na hilo ni jema. Usalama ni wa kuulizia nyumba kwa nyumba, kwa kuangalia mlango, komeo, choo kiko wapi usiku. Ukihamia, peleka jina lako kwa balozi na mwenyekiti wa mtaa. Vijana wengi wanalipuuza hili mpaka siku wanapoibiwa.

*Imani.* Ukiwa geto huna Misa ya hatua mia mbili. Lakini una kitu ambacho hosteli haina: jumuiya ndogo ndogo ya mtaani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya hizi kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na Tanzania zilishika mizizi kweli. Humo utasali na fundi baiskeli, muuza mboga, mwalimu mstaafu na mjane. Utaombwa usome somo kwa sababu "wewe ndiye msomi." Utapangiwa siku rozari isaliwe kwako, na itabidi upige deki. Njoo na barua ya utambulisho kutoka parokia yako. Kijana anayekaa wiki ya kwanza bila kutafuta jumuiya yake, nimeona mara nyingi, haitafuti tena.

*Nani atajua?* Acha nisimulie. Mwaka wangu wa pili, mwezi wa tatu, mvua inanyesha, nilipandwa na homa usiku wa Ijumaa. Jumamosi sikuweza kusimama. LUKU ilikuwa imeisha na simu imezima. Jirani wa chumba cha pili alikuwa amekwenda kwao Urambo. Nilikuwa nasikia watu wakipita nje wakiamkiana "mwangaluka," na sauti ya kuita sina. Aliyegundua ni mama aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona. Siku zote nilinunua mawili nikienda chuo au kanisani. Jumapili alipoona siku ya pili sijapita, alimwachia mwanawe karai la mafuta, akaja kugonga. Mikono yake ilikuwa bado na unga. Alinipa uji kwanza, kijiko kwa kijiko, ndipo akaita bodaboda ya kunipeleka zahanati. Ilikuwa malaria, na nilikuwa nimekaa nayo zaidi ya siku moja na nusu nikiwa peke yangu nyuma ya mlango uliofungwa kwa ndani.

Kwa hiyo mtu akiniambia amepata geto zuri, lina vigae, lina feni, swali langu ni moja: nani atajua? Awepo mtu mwenye jina. Mwenye nyumba anayekaa hapo hapo, mwenzako wa chumba, katibu wa jumuiya. Mpe namba ya simu ya mzazi wako siku ya kwanza.

Neno moja kuhusu uhuru. Geto ni mlango ambao hakuna mkubwa anayeufunga. Wapo wanaoanza kuishi kama mke na mume mwezi wa pili tu wa masomo, na mimi siwatupii mawe, nimekaa nao wakilia. Mara nyingi haikuanza kwa mapenzi. Ilianza kwa upweke, na kodi ya kugawana. Mzazi, kabla ya kumwambia mwanao asifanye, hakikisha kodi yake haimlazimishi.

*Linamfaa* aliyesoma bweni miaka mingi na tayari anajiongoza, mwenye mwenzake wa kuaminika wa kugawana chumba, mtu mzima aliyerudi shule akiwa na familia, na mwenye mlo maalumu anayelazimika kujipikia.

Kwa ndugu

*Pesa.* Kodi hakuna, na hiyo ni zawadi kubwa. Lakini usiingie mikono mitupu. Sukari, sabuni, LUKU ya mara moja moja ni heshima, na mzazi aliyeko kijijini akituma debe la mahindi au dumu la asali kila muhula, mtoto wake anatembea kifua mbele ndani ya nyumba ile.

*Muda.* Hapa ndipo penye mtihani. Mwaka mmoja nilimpokea mtoto wa kaka yangu, na moyoni nilijua namsaidia. Usiku mmoja, saa nne na nusu, nilitoka kunywa maji nikamkuta jikoni ameinamia sufuria la ugali lililoganda. Daftari lake la saikolojia ya elimu lilikuwa limefunguliwa juu ya ndoo, limeshikiliwa kwa mwiko lisijifunge. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya mafuta. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa na testi. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini hukusema? Akanijibu bila kuinua uso: "Shangazi, ningesemaje?"

Alikuwa sahihi, asingeweza kusema. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa nimempa jembe bila kumuuliza analima saa ngapi shamba lake mwenyewe. Tulikaa chini siku hiyo hiyo. Tuliandika ratiba yake ya vipindi tukaibandika ukutani. Wanangu wakachukua vyombo vya usiku, yeye akabaki na kifungua kinywa na kufua Jumamosi. Wiki ya testi na ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, hagusi kitu. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya begi kuingia ndani, na ayaanzishe mzazi au mwenyeji, kwa sababu mtoto hawezi.

Umbali nao uuhesabu. Nyumba ikiwa mbali na chuo, kikundi cha jioni utakikosa, na kikundi ndicho kinachowaokoa wengi na sapu, yaani kurudia mtihani.

*Mwili.* Chakula cha nyumbani, mkubwa wa kukupeleka hospitali, mlango unaofungwa. Kwa usingizi inategemea: kuna anayepewa chumba, na kuna anayelala sebuleni akisubiri wageni waondoke na runinga izimwe. Na kwa uchungu niseme, nyumba ya ndugu si salama kwa kila binti. Mtoto akisema hataki kukaa kwa fulani na hawezi kueleza, asilazimishwe. Atafutiwe pengine.

*Imani.* Utaishi kwa desturi ya nyumba. Ikiwa ni nyumba inayosali, utasali. Ikiwa ni ya dini nyingine au haina sala kabisa, utajifunza kusimama mwenyewe kwa adabu. Ila hapa imani huweza kubaki ile ya utotoni: unakwenda kanisani kwa sababu shangazi anakwenda.

*Nani atajua?* Watajua mara moja, na nyumbani kwenu watapigiwa simu kabla hujamaliza kukosea. Wengine inawaokoa. Wengine wanakuwa na miaka 22 na hawajawahi kuamua jambo.

*Panamfaa* asiye na mkopo au mwenye mkopo mdogo, mwenye ugonjwa unaohitaji mtu wa karibu, na yule ambaye mwenyeji wake anajua maana ya chuo.

Sasa chagua kwa hali yako

Unashuka stesheni ya Tabora kwa mara ya kwanza, hujui Isevya wala Ng'ambo iko upande gani, na huna hata mtu wa kukupokea: chukua hosteli muhula wa kwanza, hata kama moyo unataka geto. Ndani ya miezi minne utakuwa umepata marafiki, umejua mitaa, na chumba utakachopanga baadaye utakipanga ukiwa macho.

Hosteli zimejaa, na wewe ni mgeni vilevile: pangeni wawili, nyumba anayokaa mwenye nyumba mwenyewe, mlipe miezi mitatu badala ya sita akikubali. Jumapili ya kwanza baada ya Misa muulizeni katekista jumuiya ya mtaa wenu inasali wapi na siku gani.

Una ndugu Tabora lakini hamjuani sana: kaa kwake wiki mbili huku ukisajiliwa. Wiki hizo zitakuonyesha. Ukiona vyombo na masomo havipatani, ondoka mapema na kwa shukrani, ili Jumapili uweze kurudi kula.

Wewe ni Mwislamu au Mlutheri unayeingia chuo cha Kikatoliki: hosteli inawezekana vizuri, ila waambie wenzako wa chumba siku ya kwanza saa zako za ibada. Kama swala ya jamaa ya alfajiri ni jambo usiloweza kulikosa, geto karibu na msikiti litakutuliza zaidi.

Umerudi shule ukiwa na mtoto mchanga: geto, na uje na mdogo wako au mama kwa miezi ya mwanzo. Kwa ndugu pia panafaa, kama aliyekualika amesema mwenyewe kwamba mtoto anakaribishwa.

Ulikuwa bweni tangu kidato cha kwanza, umechoka foleni na kengele: geto linaweza kukufaa mapema kuliko wenzako. Jipe tu saa ya kuamka na siku ya soko, na umpe mtu mmoja funguo ya akiba.

Na kama umeshachagua, umeshalipa, na wiki ya sita unaona umekosea, usisubiri mpaka udisko, yaani uondolewe chuoni kwa kufeli, ndipo useme. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kwa kapelani ukamweleze unapoishi, si alama zako. Njoo hata kwetu kwenye jumuiya. Wiki iliyopita tumehamisha godoro la kijana mmoja kwa baiskeli mbili, na kabla ya giza alikuwa ameshatandika kitanda.